Nilichora chaki kwa nati za mashine nimnase Mzee Shivachi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara mbili. Leo nauacha. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi unaniwasha.

Mimi ni mama wa kuprint tisheti hapa Khayega. Matanga, harusi, chama, timu za mpira, na fahali wakipigana kule Malinya, mashabiki pia huja.

Nilianza na meza ya kutengenezewa. Mzee Shivachi, seremala wa hapa sokoni, aliichonga kwa mbao nzito, akachimbia miguu kwa sakafu na kumwaga simiti. Fremu za wavu wa kupitisha rangi zilishikwa na bawaba za mlango. Picha nilikuwa nachoma kwa huo wavu na jua, kioo juu, nikihesabu kwa mdomo.

Sura mbaya, lakini rangi zilikaa pale pale nilipoziweka.

Shida ilikuwa wateja. Mtu anaingia, anaangalia meza, anauliza, "Sasa mashine iko wapi?" Nikachoka. Nikakata ile meza miguu kwa msumeno, nikanunua mashine ya chuma ya mikono minne, kila mkono na rangi yake, second-hand, kutoka Nairobi.

Mzee Shivachi alikuja kuiona. Akaizunguka, akaigonga na kidole. "Hii kitu haina mizizi, mama. Itakusumbuanga."

Mimi ni mtu wa kushuku, wakuu. Hata maziwa nikinunua nachovya kidole kwanza. Nikasema moyoni, huyu ana wivu. Halafu nikasema kwa mdomo pia, kwa wamama wa posho mill ya kusaga mahindi iliyo mlango wa pili.

Haikupita wiki, kazi ikaanza kuharibika.

Asubuhi print inatoka safi. Ikifika mchana rangi zinaachana. Tisheti za timu moja, kila namba ilitoka na kivuli chake. Nilishuku aliyeniuzia. Nikashuku wino. Nikashuku mkono wangu mwenyewe.

Halafu nikagundua kitu. Kila jioni nikienda nyuma ya duka kuanua tisheti kwa kamba, nikirudi nampata Mzee Shivachi amesimama karibu na mashine, mkono kwa mfuko wa koti.

"Nilikuwa naona tu," anasema.

Kuona nini kila siku? Chuma inaota?

Nikaweka mtego. Mchana mmoja nilichukua chaki, nikachora mstari juu ya kila nati, uvuke mpaka kwa chuma chenyewe. Mtu akizungusha nati, mstari unakatika. Jioni mzee akaja kama kawaida, "akaona tu," akaenda.

Asubuhi mistari yote ilikuwa imekatika.

Nilikaa chini kwa ndoo ya wino. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyekula ugali kwangu!

Siku hiyo nilikuwa nimepata oda kubwa ya mashabiki wa fahali mmoja wa Malinya anaitwa Tingatinga. Walitaka kuvaa Jumamosi. Jioni nikajifanya naenda nyuma, nikazunguka, nikaingia na mlango wa mbele.

Mzee ameinama. Spana iko kwa nati.

Nilipiga kelele mpaka laini yote ya posho mill ikaacha mahindi ikaja. "Huyu ndiye anaharibunga kazi yangu! Analegeza nati ndio nirudi kwa meza yake!"

Alinyooka polepole. Akaangalia wale watu, wengi wao amewatengenezea vitanda. Akasema tu, "Sawa, mama." Akaenda.

Kesho yake boda mmoja alinichekea, "Mama, yule mzee wa kulegeza nati bado anakuja?" Nikasikia pia kanisa limemwambia angoje kwanza na kazi ya viti waliyokuwa wamempa. Ukweli nitausema: nilifurahi.

Asubuhi hiyo nilichora chaki upya, nikaanza tisheti za Tingatinga. Mlango wazi, mimi peke yangu, hakuna mtu aliyegusa kitu. Saa tano posho mill ikawa inanguruma vile hungurumanga, sakafu inatetemeka vile nimezoea.

Tisheti ya ishirini hivi, pembe za fahali zikahama kichwa. Ziko kwa shingo.

Nikaangalia nati. Mistari imekatika.

Niliweka kiganja juu ya chuma. Inatetemeka yote. Mill ikazimwa, ikatulia. Ile meza ya mbao iliyomwagiwa simiti haikuwahi kusikia hiyo mill hata siku moja.

Na hapo ndipo nikaona kilichonimaliza. Leo nati zilikuwa zimezunguka kushoto, kulegea. Ile siku ya mtego zilikuwa zimezunguka kulia. Niliona mstari umekatika, sikujiuliza umeelekea wapi.

Niliomba spana kwa mwenye mill, nikawa nakaza kila baada ya tisheti kumi. Oda ilitoka. Sikusikia raha.

Jumapili nikaenda kwake na kuku. Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nikamuuliza, "Mzee, si ungeniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nikasikia umesema nina wivu. Basi nikaona nikazange tu, kazi yako isiharibike."

Akatoa spana kwa mfuko wa koti, akaniwekea mkononi. "Shika. Sasa utakazanga wewe."

Mke wake alipokea kuku. Mzee hajakanyaga dukani tangu siku hiyo, na viti vya kanisa vilipewa fundi mwingine.

Wakuu wa biashara hii, mashine ya kununua ifungeni kwa sakafu, na ya kutengeneza msiionee haya. Kama kuna mwenye kujua namna ya kumrudishia mtu jina, aniandikie hapa chini. Nilienda kwa laini ya posho mill nikasema ukweli wote, lakini siku hiyo walikuwa watu wengine.

Kwa hivyo nyinyi wa Khayega mnaosoma bila kucomment, najua mko. Ile stori ya mzee kulegeza nati mliibeba mpaka Lubao bila kuombwa. Hii naomba. Ibebeni.

Alikuwa anakaza.