Kaburi la Aikaeli Kando ya Mto Mosel

Niliondoka Machame kwa sababu mama yangu alikuwa halali usiku. Dada yangu, Aikaeli, alifariki ghafla Ujerumani mwaka juzi, akazikwa huko huko alikoolewa. Viza zetu zilichelewa hata mazishi yakapita. Kwetu mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, karibu na watu wake. Mama alivumilia, mpaka siku moja akaniita akaniambia, "Eliamani, nenda ukaone wamemlaza wapi. Kama si pahali pa mtu kulala, mlete nyumbani, hata kama ni mifupa."

Nilipanda ndege uwanjani KIA mwezi wa Novemba. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, sikuuona.

Frankfurt nilichukua treni, na baada ya kubadilisha mara moja tukaanza kuufuata mto Mosel. Ni mto mtulivu, mpana, unaojikunja kila mara kati ya vilima, na meli za mizigo zinapita juu yake polepole kama zinaogopa kuuamsha. Kituoni nilimkuta shemeji yangu Mathias na binti yao, Lea, anayesoma chuo na kuongea Kiswahili cha mama yake. Mathias aliwahi kukaa Moshi miaka kadhaa akifundisha ufundi wa umeme; Kiswahili chake bado kinaeleweka, ingawa hutafuta maneno.

"Pole kwa safari, shemeji," alisema.

"Pole na wewe kwa msiba," nilijibu. Akanichukulia begi, tukaenda nyumbani.

Kijiji chao ni kidogo: mtaa mmoja kando ya maji, kanisa, na nyumba za mawe meusi zilizobanana. Nyuma yake mteremko unapanda ghafla, umejaa mizabibu iliyofungwa kwenye vijiti, mmoja mmoja. Lea alinieleza kwamba mawe meusi mabapa yaliyojaa mteremkoni hushika joto la jua mchana na kuipa mizabibu usiku, na kwamba zabibu zimekuwa zikilimwa hapa tangu enzi za Warumi. Kwenye kona ya nyumba moja alinionyesha mistari iliyochongwa, kila mmoja na mwaka wake. Ni alama za mafuriko. Mstari wa juu kabisa ulinipita kimo.

"Mama alikuwa akivuna zabibu kule juu," Lea alisema. "Majirani walishangaa haanguki. Akawaambia, mimi nimezaliwa mteremkoni."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda makaburini. Kaburi la dada yangu lilikuwa safi, lina maua na mshumaa ndani ya glasi nyekundu. Jina lake limechongwa bila kosa. Moyo ulianza kutulia. Ndipo nikaona kaburi la jirani lina karatasi ya njano iliyobandikwa kwenye jiwe, nikauliza ni ya nini.

Mathias aliinama akaisoma. "Muda wake umekwisha."

"Muda gani?"

Akanieleza. Hapa familia hupewa kaburi kwa miaka kadhaa tu. Ikiisha, na wasipoomba tena, jiwe huondolewa na mtu mwingine huzikwa hapo.

"Na mifupa?"

"Hubaki chini."

"Kwa hiyo dada yangu ni mpangaji?"

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye majani matupu karibu na ukuta. "Babu yangu alilala pale, shemeji. Sasa hana jiwe. Ndivyo tulivyo."

Siku ile sikula chakula chao. Nilijiambia kwamba nimepata jibu la Mama: hapa si pahali pa mtu kulala.

Jumamosi Lea aliniomba tupande mlimani. Tulipita mashamba ya mizabibu tukaingia msituni, tukafika kwenye ukuta wa zamani wenye mlango wa chuma. Ndani mlikuwa na mawe yaliyoinama, yameota ukungu, yameandikwa kwa herufi nisizozijua.

"Wayahudi wa kijiji," Lea alisema. "Kwa dini yao kaburi haliguswi milele. Haya hayataondolewa kamwe, Mjomba. Lakini wenyewe walichukuliwa wakati wa vita, wakauawa. Hakuna aliyebaki wa kuja kuwatembelea."

Kaburi la kudumu nililomtakia dada yangu lilikuwa hili, lisilo na wa kulitembelea.

Jumapili ilikuwa siku ya kuwakumbuka marehemu. Walutheri wa kule huiadhimisha mwisho wa mwaka wa kanisa. Mchungaji alisoma majina, na kwa kila jina kengele ikagongwa na mshumaa ukawashwa. Baadaye Mathias aliniambia kwamba la Aikaeli lilisomwa mwaka uliopita, lakini walilirudia kwa sababu yangu. Bibi mmoja mzee alinishika mkono mlangoni, akasema maneno mengi. Lea akatafsiri: "Anasema alipovunjika mguu, Mama ndiye aliyepalilia kaburi la mumewe."

Mchana niliwaeleza wazi nilichotumwa. Mathias aliinamisha kichwa. "Alikuwa dada yako kabla ya kuwa mke wangu. Sitakuzuia."

Lea ndiye aliyelia. "Mkimchukua, Mjomba, mimi nitamwendea wapi?"

Nilimwambia neno la mwisho ni la bibi yake.

Nilirudi Machame mvua zikinyesha. Nilimsimulia Mama yote, nikaacha habari ya miaka mpaka mwisho, nikiogopa. Alinisikiliza, akaniuliza, "Muda huo ukiisha, wao hawamhitaji tena?"

"Ndiyo, Mama. Jiwe huondolewa."

"Basi muda huo ukiisha ni zamu yetu." Akavuta kanga mabegani. "Nyie mnadhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Wazee wetu zamani walizikwa ndani ya nyumba, wakalala hapo mpaka wakati wao. Kisha walifukuliwa, wakapelekwa kihambani, kati ya mimea ya masale. Mtu alihama, na hakuna aliyesema amefukuzwa."

Akataka nimpigie Lea simu. "Kaa na mama yako, mjukuu wangu," alimwambia. "Mwenye mtoto karibu hajatupwa. Lakini muda ukiisha, usiwaachie wageni. Wewe ndiye utakayemleta."

"Nitamleta, Bibi," Lea alijibu.

Nilikwenda Ulaya nikiamini kwamba kuzikwa ni kufika. Mama alijua kwamba marehemu anaweza kuwa bado njiani, mradi kuna anayemngoja. Usiku ule alilala. Kulipokucha aliniongoza taratibu mpaka upande wa juu wa kihamba, akanionyesha mahali kwa fimbo yake.

"Mimi siku hiyo sitakuwepo," alisema. "Labda hata wewe. Waite watoto wako wapaone."

Nikawaita.