Anayetazama Ndani ya Mama

Mgongo ndio ulionipeleka kwa yule mwalimu wa Kihindi pale Maili Moja, si kutafuta dini nyingine, yangu inanitosha. Alitufundisha mazoezi ya viungo, na mwisho alitukalisha kimya, macho tumefumba. Mwili si wewe, alisema, na mawazo si wewe. Yupo anayevitazama vyote viwili, na huyo haugui wala hazeeki. Nilirudi nyumbani Visiga mwepesi, najiona nimeokota dhahabu.

Kisha mama yangu akaanza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, baadaye njia ya kwenda shambani kwake mwenyewe, huko Kibuta, Kisarawe, alikozaliwa. Nilipokwenda kumwona aliniamkia shikamoo, mimi mwanawe wa kumzaa. Niliogopa.

Nikajipa moyo kwa yale mafundisho: akili inaondoka, mwenyewe yupo. Hapo ndipo hofu ilipozidi. Kama yupo na anatazama, basi anaona kila kitu kinavyochukuliwa, na hana wa kumwambia. Afadhali asiwepo, niliwaza, nikaomba toba hapohapo.

Alasiri moja nilimkalisha mkekani, nikamshika mikono, tukafumba macho kama nilivyofundishwa. Nilitaka nijue kama bado yumo. Alitulia ajabu. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akikaa naye, akatukuta hivyo, wawili tumenyamaza, tunaitwa hatuitiki. Kwake yeye, na kwa mtu yeyote wa kwetu, hayo ni mashetani yamepanda. Nilipofumbua macho alikuwa ameshaleta chetezo, moshi wa ubani umetuzunguka, naye amechuchumaa mbele ya mama akimhoji kama jini linavyohojiwa, lijitaje na liseme linachotaka.

"U nani wewe? Umemfuatia nini mtu wetu?"

Ilinipasa nimzuie. Lakini kusema kweli, nilitaka kulisikia jibu. Mama alimtazama shangazi, akanitazama na mimi, taratibu, macho makavu.

"Sijui mimi ni nani," alisema. "Ila nawaona mnavyoniogopa."

Shangazi alikiweka chetezo chini, akalia. Mimi nilibaki nimeishika ile mikono, nikiogopa kumtazama usoni.