Moshi Kwenye Nyumba ya Wageni

Mume wangu alilinda nyumba ndogo ya mapumziko kando ya mto Naviundu, nasi tulikaa nyuma yake, kwenye lupango hiyohiyo, ndani ya ua mmoja. Wazungu wa Élisabethville walikuja Jumamosi na chakula chao, wakajipikia, wakaondoka Jumapili. Kazi yetu ilikuwa vitanda, maji, kuni, na jiko liwe linawaka kabla hawajafika. Walipenda kujipikia, mradi mtu mwingine ahangaike na moshi.

Mama yangu alifia kwetu Ijumaa alasiri. Kwetu, mtu akifa, moto wote wa lupango huzimwa, na majivu hutupwa njiani. Hakuna anayewasha mpaka maiti azikwe. Ndipo binti mkubwa wa marehemu huwasha moto mpya, na wote hupikia huo. Binti mkubwa nilikuwa mimi. Dada wa mama, tuliyemwita mama mukubwa, alisema hata jiko la wageni lisiguswe.

Sikulia. Wanawake waligaragara mpaka sauti zikawakauka; mimi nilikaa nikitazama mshono wa mkeka. Nilijua wananiangalia. Nilijaribu kupiga yowe moja, nikaona aibu, nikaacha.

Asubuhi mume wangu alikwenda mjini kutafuta sanduku na kuwazuia wageni. Wakapishana njiani. Wageni wakafika, na madamu mmoja wa Kizungu alikuta jiko limepoa, akaliwasha mwenyewe bila kuuliza mtu. Moshi ulipotokea juu ya bati, kilio kilikatika ghafla.

"Ni weye njo uliwasha?" mama mukubwa akaniuliza.

Ningesema hapana, yangeisha. Lakini hata neno hilo lilinishinda uzito. Mara madamu akaja na birika la kahawa na vikombe. Alikuwa ameshasikia habari, macho yamemwiva. "Pole, mama," akasema, akaniwekea kikombe mkononi. Wenzangu wote walitikisa kichwa kukataa. Mimi sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana. Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi.

"Mama yako iko analala mule ndani, na weye unakunywa kahawa ya ule moto!" mama mukubwa akasema.

Nilimaliza kikombe, nikamrudishia madamu, nikamshukuru.

Tuliporudi kutoka makaburini kumzika mama, kuni zilikuwa zimepangwa uani. Nilinyoosha mkono kupokea kiberiti. Mama mukubwa akakipitisha mbele yangu, akampa mdogo wangu.

"Huyu njo alilia mama yake," akasema.

Mdogo wangu alikwaruza kiberiti. Njiti tatu zikazimika. Mimi ningewasha kwa moja. Mwishowe moto ulishika, na wanawake wakasogeza masufuria. Nilingoja hasira inipande, hata kidogo tu, niwaambie ni nani aliyewasha jiko lile. Haikuja. Nilitamani sana ije.

Bukari, ugali wetu, ilipoiva, wao walizunguka sinia moja. Mimi waliniletea sahani yangu peke yangu, pembeni, na maji ya kunawa, kwa heshima zote, kama wanavyomfanyia mgeni. Nikala yote.