Vitabu vya Kituo cha Majani

Ukitaka kumwona Nyangate siku ya kuchuma chai, usihangaike kwenda nyumbani kwake. Nenda kituo cha majani, chini ya barabara inayotoka Magwagwa, baada ya saa tisa na nusu. Pale tunasubiri lori. Likiwahi, tunapima majani na kurudi nyumbani jua likiwa bado. Likichelewa, tunakaa na vikapu vyetu, akina mama tunaongea, na watoto waliotoka shule kutusaidia kubeba wanarukaruka hadi mmoja aanguke. Miaka sita iliyopita Nyangate alichoka na kule kuanguka, akaja na kitabu.

Mimi ni jirani yake, shamba langu limepakana na lake, na kanisani tunakaa benchi moja. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha kuku aliyetaka kuona mji. Joyline, binti yake anayefanya kazi ofisini Kisii, alikipata kwa Mariam, mama mmoja anayeuza vitabu vilivyotumika karibu na soko, akamletea mama yake kama mzaha, kwa sababu Nyangate naye hapendi kwenda mjini. Mzaha ukazaa. Mara kwa mara, mwisho wa mwezi, Joyline alikuja na kingine. Mariam alianza kumwekea kando vile vyenye picha nzuri, na kumtumia salamu yule mama wa majani ambaye hajawahi kumwona. Sasa vimepita thelathini.

Nyangate alivitunza vitabu hivyo kama mtu anavyotunza vyombo vya wageni. Kila kimoja alikivalisha karatasi ya kaki, akakitia ndani ya mfuko wa nailoni, na mifuko yote ndani ya kiondo. Na alikuwa na sheria moja. Mwenye mikono ya majani hagusi kitabu. Anayechuma chai anaelewa. Utomvu wa majani hugandia vidoleni ukawa mweusi kama masizi, unasugua kwa ndimu, unasugua kwa jivu, na kesho unachuma tena. Watoto wetu wote wana mikono hiyo, hasa likizoni. Yeye mwenyewe, kabla ya kusoma, alinawa kwa maji aliyoyabeba kwenye chupa, akajifuta, halafu akavaa soksi nyeupe kwenye ule mkono wa kufungulia kurasa. Ndiyo, soksi. Thadeus, karani wa mizani, alikuwa akimuuliza kama mguu wa pili umebaki na baridi.

Basi alikuwa akisoma, nao wakisikiliza. Kitabu kilimtazama yeye, watoto wakatazama mdomo wake. Akimaliza ukurasa anakigeuza, wanaona picha, anakirudisha. Hadithi zile walizipenda mpaka wakazijua neno kwa neno. Akiruka mstari mmoja walimrudisha nyuma. Tuliosikia tulijua kwamba hawa ni watoto wanaopenda kusoma. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yao.

Aliyependa kuliko wote alikuwa Gesare, binti wa Ogeto, wa miaka kumi. Mtoto mtulivu, anakaa mbele kabisa, midomo yake ikitembea na ya Nyangate. Mwaka jana Nyangate alipougua goti, akawa anafika kituoni akiwa amechoka, Gesare alimwomba amsaidie kuwasomea wadogo. Alikuwa ameshasugua mikono nyumbani hadi vidole vikawa vyekundu. Nyangate akampa kitabu, akampa na soksi. Mtoto akasoma bila kukwama, akipandisha sauti penye kupandisha, akigeuza kurasa taratibu. Akina mama tuliacha kuongea.

Siku hiyo mzee Job wa kanisa letu alikuwa ameleta majani yake. Akasikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Sabato iliyofuata akatangaza kwamba siku ya watoto, ambayo ilikuwa imebaki majuma matatu, Gesare ndiye atakayesoma Maandiko mbele ya kanisa. Ogeto alifurahi kupita kiasi. Yeye ni fundi wa kuchana mbao, mtu wa sauti kubwa, na kila aliyepeleka gogo kwake juma hilo alisikia habari za binti yake kabla hajaulizwa anataka mbao za ukubwa gani. Aliita na ndugu zake kutoka Kenyenya waje kusikia.

Jumatatu yake Gesare alikuwa akisoma tena kituoni, kitabu cha yule kuku. Nilikuwa karibu nao, nachambua majani. Nyangate alikuwa nyuma ya mtoto, akitazama juu ya bega lake, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya. Nikaona uso wake unabadilika. Alisubiri hadithi iishe, wadogo wakatawanyika, ndipo akakichukua kile kitabu akaniita.

Kurasa mbili zilikuwa zimegandana katikati ya kitabu. Nadhani ni unyevu wa msimu wa mvua. Gesare alizigeuza zote mbili pamoja kama ukurasa mmoja, hakujua, lakini maneno yaliyofichwa mle ndani, ya kuku kukutana na askari wa barabarani, aliyasoma yote. Hakuacha hata moja.

Nyangate alimwita, akamkalisha kando yake. Akatoa kwenye kiondo kitabu kilicholetwa na Joyline wiki ile, ambacho hakikuwa kimesomwa na mtu. Akamwekea kidole kwenye mstari wa kwanza. Akamwambia kwa lugha yetu ya Ekegusii, polepole, asome hapo tu.

Mtoto alitazama mstari. Akamtazama Nyangate mdomoni, kama alivyozoea. Mdomo haukusema kitu. Gesare akaanza kulia bila sauti.

Kidogo kidogo maneno yakamtoka. Herufi anazijua. Silabi fupi anaziweza. Lakini shuleni wako wengi, mwalimu akisoma wanaitikia darasa zima, na yeye akishasikia mara moja hasahau, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumkuta amekwama. Mwanzoni alifikiri kusoma ndiko huko: kushika kitabu vizuri na kukumbuka. Alipogundua kwamba wengine wanaona kitu pale kwenye karatasi ambacho yeye hakioni, alikuwa ameshasifiwa.

Thadeus alikuwa amesikia, mizani iko pale pale. Yeye ni kijana mwenye roho nzuri, na alisema kile ambacho mimi pia nilikuwa nikikiwaza.

"Mama Joyline, usijiumize. Kichwa cha huyu ni kama simu. Msomee hiyo sura mara tatu, siku hiyo atasimama aiseme, na kanisa litasema amina. Nani atajua?"

"Yeye atajua," Nyangate akasema. "Na mimi."

Tukirudi nyumbani, vikapu vitupu mgongoni, alinieleza habari ya mama yake. Nilimjua yule mama. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo maisha yake yote, akafungua, akaimba beti zote, wala hakuna aliyemdhania kitu. Hakuwa anajua kusoma hata jina lake. Nyangate alipomaliza darasa la saba alikuwa amefaulu, akaitwa sekondari. Barua ililetwa nyumbani yeye akiwa kwa shangazi yake anamlelea mtoto. Baba yao alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Mama akaipokea, akaona mhuri, akadhani ni ya kanisa. Angeweza kumuuliza yeyote, lakini angemuulizaje, na kila mtu alimwona akisoma kila Sabato? Akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo amngojee baba. Baba alirudi Desemba. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

"Hakuwa mama mbaya," Nyangate aliniambia. "Alikuwa amesifiwa tu, akaogopa kurudi nyuma." Akatembea kidogo. "Na huyu nimemfundisha mimi. Miaka sita nimeficha kitabu nikawaonyesha mdomo. Nilitunza karatasi, dada yangu. Mungu anisamehe, nilitunza karatasi."

Kesho yake alikuja bila soksi. Aliketi, akamwaga kiondo chote juu ya turubai, akawaambia watoto kila mtu achukue chake. Hawakuamini. Mmoja alimwonyesha viganja vyake vyeusi pande zote mbili, akidhani magokoro amesahau sheria. Magokoro ni nyanya, ndivyo wanavyomwita. Akamwambia ameviona, achukue. Jioni ile nilishuhudia alama za vidole kwenye kurasa ambazo kwa miaka sita hazikuwa na doa, na Nyangate akizitazama huku amefumba midomo kwa nguvu.

Shida ilikuwa Gesare. Ukimsomea kitu mara moja, kesho anacho. Kwa hiyo Nyangate alikwenda kwa mzee Job, akamwomba amchagulie fungu ambalo si la kuimbwa wala la kukaririwa na watoto, na asimtajie mtu. Job aliuliza sababu. Alimjibu kwamba mtoto yuko tayari kusoma, na ni kusoma anakotaka kumwona akifanya. Job akakubali. Kisha Nyangate akamwambia Gesare kwamba kwa majuma hayo matatu hatamsomea hata neno moja. Watafanya mazoezi kwa maneno mengine, na siku ile atasoma mistari kumi ya fungu lile yeye mwenyewe, kwa macho yake.

Mtoto alimbembeleza. "Nisomee mara moja tu, magokoro. Mara moja."

"Mara moja kwako ni kumeza. Sitaki umeze, nataka utafune."

Wakawa wanakaa upande mmoja, kitabu katikati. Nyangate alikata kipande cha kadibodi, akafunika mstari wote akabakiza silabi moja, kisha ya pili, kisha neno. Nilisikia lile neno moja likisemwa vipande vipande mara ishirini, halafu ghafla likasemwa zima, na mtoto akashtuka kama mtu aliyemkuta anayemfahamu mahali asipotarajia. Siku nyingine hakuna neno lililokuja, akasema anataka kwenda kwao, akaenda. Ogeto alipita siku moja, akaona binti yake anagugumiza silabi kama mtoto wa chekechea, akauliza kama anaumwa. Nyangate alimjibu kwamba anajifunza. Ogeto akacheka, akasema mtu hafundishwi kutembea akiwa ameshakimbia. Gesare aliinamisha kichwa. Nyangate alimwambia baadaye kwamba, akitaka, wataenda pamoja kwa mzee Job waseme hatasoma, na kosa atalibeba yeye Nyangate. Mtoto akafikiri hadi lori likafika. Akasema atasoma.

Siku ya watoto kanisa lilijaa. Ndugu wa Kenyenya walikuwa benchi la pili. Gesare alipanda mbele na gauni la bluu, akafungua Biblia, akaweka kidole kwenye mstari. Hakufika hata nusu ya mstari wa kwanza, akakwama. Kanisa likangoja. Akaanza tena lile neno kwa vipande, likakubali, akaendelea. Nasema ukweli, ilikuwa ngumu kusikiliza. Vijana wa nyuma walianza kusukumana. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama huyu ndiye yule. Nilimwona Ogeto akitazama viatu vyake. Nyangate, kando yangu, alikuwa amefumba macho, na midomo yake haikutembea hata kidogo. Najua alikuwa akiomba, lakini midomo aliizuia, mtoto asije akaitafuta.

Gesare alisoma mistari sita. Hapo jasho lilikuwa linamtoka. Akaondoa kidole, akainua uso.

"Nimefika hapa," akasema. Akafunga, akashuka.

Mzee Job alisimama, akasema amina, akasoma mistari minne iliyobaki yeye mwenyewe, kwa utaratibu ule ule, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Namheshimu kwa hilo.

Nje, Ogeto alimjia Nyangate moja kwa moja, ndugu zake wakiwa nyuma. Hakuwa na matusi, bali uchungu. Alisema binti yake alikuwa akisoma kama maji yanavyoteremka, kila mtu alimsikia kituoni, na leo amesimamishwa mbele za watu kama asiyejua kitu. Alitaka kujua mama huyu amemfanya nini mtoto wake. Nyangate alifungua mdomo ajibu, nami najua angesema kosa ni lake, lakini Gesare alikuwa ameshamshika baba yake mkono.

"Tata," akasema, "ile haikuwa kusoma. Ile nilikuwa namsikiliza magokoro kichwani. Leo ndiyo nimesoma. Mistari sita."

Ogeto alimtazama. Akauliza, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena, ni ipi hiyo sita. Mtoto akafungua akamwonyesha kwa kidole, wa kwanza hadi wa sita. Yeye akainama, akaitazama mmoja mmoja, kama anavyopima ubao, kisha akawaambia ndugu zake waende nyumbani, chakula kinapoa.

Jumatatu Gesare alifika kituoni kabla yetu. Alichagua kitabu cha mbuzi, ambacho Nyangate hakuwahi kumsomea mtu yeyote, akakaa nacho peke yake kando ya ukuta. Lori lilipopiga honi mtoni alikuwa ukurasa wa tatu. Nyangate alimpitia na kikapu chake akielekea kwenye mizani, akaona amekunja uso, akamhurumia, akaanza kumwambia kwamba huyo mbuzi mwishoni ata—

"Usiniambie," Gesare akasema, bila kuinua macho.