Siku Sahani ya Mama Mkwe Ilipozunguka Ikanifikia

Nawaambia mapema ili msije mkacheka katikati ya maelezo: mimi, mtu mzima, mwalimu wa udereva, ambaye kazi yangu ni kuwaambia wengine watulie na waangalie mbele, nilimpangusa mama mkwe wangu mapajani kwa karatasi ya mezani, hoteli nzima ikitazama, mjini Kisii, Jumapili mchana. Hasira ninayo mpaka leo. Kidogo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Iliyobaki yote ni ya watu wawili, na nitawataja.

Twende polepole, kama ninavyoanza na mwanafunzi mgeni. Mimi ni Mtaita niliyelelewa Mombasa, na ukilelewa Mombasa, biriani, bajia na tambi za Kichina si mambo ya sherehe, ni chakula tu, unakula Jumanne ukiwa na njaa. Nilipopata kazi Kisii niliupenda mji (mwanafunzi akijua kuondoa gari kwenye vilima vile bila kurudi nyuma, popote pengine ataendesha), nikawapenda watu, nikazipenda ndizi za soko la Daraja Mbili, lakini hoteli ya Kihindi au ya Kichina iliyo nzuri sikuipata. Sisemi hazikuwepo. Nasema nilitafuta vibaya. Mahali pamoja palipoandikwa biriani niliwekewa wali uliotiwa rangi ya manjano na mfupa mmoja wa ng'ombe juu yake, umekaa kama kofia. Pengine niliagiza tambi za Kichina nikaletewa zile za paketi, zimemwagiwa sosi ya soya mpaka zikawa nyeusi kama oili inayosubiri kubadilishwa. Nikawa nalalamika kazini kila asubuhi.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kwanza, Ombati, mwalimu mwenzangu, tunayegawana naye gari moja la mafunzo.

"Mwadime, wewe unateseka bure," akaniambia. "Kuna hoteli ya Mchina imefunguliwa pale juu. Hiyo kuku yao ukikula, unasahau kwenu."

"Wewe umekula?"

"Mimi? Kwani unataka nikule mara ngapi ndio uamini?"

(Lisomeni tena jibu hilo. Mimi sikulisikiliza vizuri.) Nikafungua simu, nikakuta hoteli ina nyota tano na watu wanaisifu, nikaridhika.

Sasa, wakati huohuo wazazi wa mchumba wangu, Kwamboka, walikuwa wamekubali kushuka kutoka kwao Nyamira, wanakolima chai, waje wanione. Wakiridhika nami, wangetaja siku ya watu wangu kwenda kwao kupeleka mahari. Wasiporidhika, basi. Kwamboka alitaka tuwapeleke hoteli ya kawaida, wale ugali, kuku wa kienyeji na mboga ya managu, tumalize. Mimi nikasema hapana, nataka waone kwamba mkwe wao ametembea. Uamuzi wenyewe ni huo, mdogo hivyo, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

"Basi nenda uonje kwanza," Kwamboka akasema.

"Ina nyota tano."

"Nyota zina tumbo?"

Alipoona sibadiliki, akanieleza jambo lingine, nami nawaeleza ninyi kwa sababu bila hilo hamtaona uzito wa mkasa huu. Kwao kuna heshima wanayoiita chinsoni. Mkwe wa kiume hamshiki mkono mama wa mkewe, hamkazii macho, na hali naye chakula meza moja. Si chuki. Ni namna yao ya kumwambia mtu kwamba ana cheo kikubwa mno kuzoewa. Familia nyingi za mjini zimelegeza, yao bado. Kwa hiyo tulihitaji meza mbili. Tena wao ni Wasabato, nguruwe hawali. Nikampigia simu meneja wa hoteli, ambaye ndiye mtu wa pili, akajibu kwa sauti tamu kama ya mtu anayeuza kiwanja: "Meza mbili hakuna shida. Na nguruwe hatupiki, ndugu, tunajua wateja wetu."

Jumapili wakafika wanne: mzee Momanyi, baba yake Kwamboka, na mkewe, Kwamboka mwenyewe, na shangazi yake Kerubo, mama mwenye ulimi mwepesi ambaye nilimpenda palepale. Meza mbili zilikuwepo kweli. Zilikuwa mlangoni mwa choo.

"Ama mkae ile ya wakubwa," meneja akasema, akituonyesha meza moja kubwa ya duara, katikati yake kioo kipana kinachozunguka, na taa juu yake. Kwamboka akanifinya mkono. Nami, kwa kuona aibu ya mlango wa choo, nikatangaza kwamba meza ni pana, mama akae upande ule na mimi upande huu, ni kama meza mbili tu. Mama akakaa upande upande, uso dirishani, na akakubali hivyohivyo, kwa kuwa hakuja kumwaibisha mtu.

Mimi ninayeweza kumweleza mwanafunzi klachi hadi aielewe, sikumweleza yeyote kile kioo ni cha nini. Mhudumu, ambaye nadhani na yeye alikuwa anakiona mara ya kwanza, akapanga sahani zetu juu ya kioo chenyewe, chakula kikaja, kikawekwa katikati: kuku anayeng'aa kwa sukari, wali wa mafuta, na bakuli kubwa la supu. Tukaombea chakula. Mama akang'ata kuku mara moja, akarudisha kipande kwenye sahani kwa adabu kabisa. Nikajua ni kibaya. Nikanyoosha mkono kuvuta wali, kioo kikasogea.

"Kwani hii meza inaenda wapi na chakula yangu?" shangazi Kerubo akauliza, na akakivuta kwa nguvu kirudi kwake.

Kikazunguka. Kilipolegea, mbele yangu ilikuwa sahani ya mama mkwe, pamoja na kile kipande alichong'ata, na mbele yake ilikuwa yangu. Mzee akaweka uma chini.

Ningekaa nikatulia, shangazi angezirudisha kwa kicheko na tungekwisha. Lakini mimi miaka yote nimekaa kando ya watu wanaokaribia kugonga, na kazi yangu ni kusimamisha kitu. Nikakishika kioo kwa mikono miwili nikirudishe upesi, kikaenda kwa kasi, nikaona kimezidi, nikakikaba ghafla, na chini ya meza mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwepo. Kioo kikasimama. Supu haikusimama. Bakuli zima likamshukia mama mapajani, juu ya kitenge chake cha kwenda kanisani.

Na hapo ndipo nilipomaliza kila kitu, kwani niliruka na karatasi za mezani nikaanza kumpangusa. Mimi. Mama mkwe. Kwa mikono yangu.

"Mwadime, toka hapo," Kwamboka akasema taratibu.

Shangazi akaokota kitu kwenye kitenge, akakiinua kwenye taa. "Na hii yenye miguu ni nini?"

Nilikijua. Alikuwa kamba wa baharini, chakula cha kwetu pwani, ambaye Msabato hamli sawa na asivyokula nguruwe. Niliuliza nguruwe peke yake. Meneja akaja mbio, nami nikadhani anakuja kuomba radhi, maana supu ilikuwa hata haina moto, ndiyo bahati pekee ya siku ile. Akatazama sakafu, akauliza, "Hii bakuli iliyovunjika inalipwa na nani?" Kwenye meza ya jirani mtu alikuwa ananirekodi kwa simu.

Mama akainuka, akajifunga leso ya shangazi juu ya kitenge, akatoka bila kumtazama yeyote. Mzee akasema, "Tutaongea," na sikuambiwa lini.

Jumatatu Ombati akaniuliza kwa furaha kama kuku hakuwa mtamu. Nikamuuliza yeye alimla lini. Akakuna kichwa. "Mimi kusema ukweli sijaingia. Meneja ni rafiki yangu, aliniomba nimwekee nyota." Sijawahi kumpiga mtu, na sikumpiga, lakini niliushika ule ufunguo wa gari kiganjani mpaka ukaniachia alama. Ukimsifia mtu chakula ambacho hujakila, ujue kuna mtu atakiweka mbele ya wazee wa mchumba wake.

Baada ya wiki kadhaa ujumbe ukaja kupitia Kwamboka: kosa la namna hiyo halifutwi kwa simu, nilete mbuzi nyumbani. Nikampeleka Nyamira. Nikakaa sebuleni na mzee, mama yuko jikoni, mlango umerudishwa. Shangazi Kerubo akatoka na ugali wa wimbi, kuku na managu, akaniwekea mimi peke yangu.

"Mama anasema ukule bila wasiwasi," akasema. "Anasema hii sahani haizunguki."

Jikoni mtu akacheka, kicheko cha chini ambacho sikuwa nimekisikia kabla. Mzee akakohoa, akaniuliza watu wangu wanaweza kufika lini kutoka pwani.

Ombati amenisalimia mara nyingi tangu hapo na mimi humjibu salamu tu. Biriani ya kweli nimeshaipata, nyuma ya maduka ya vitambaa, kwa kufuata pua na kwenda peke yangu, nikianza na dengu na chapati, chakula rahisi ambacho mpishi mbaya hawezi kujificha nyuma yake. Nanyi fanyeni hivyo, mtapata, msikate tamaa na mji mgeni. Ila msiniulize ni wapi hasa kabla sijala pale mara nyingine. Na mkiona meza ina kioo kinachozunguka, mimi nitakaa mlangoni mwa choo.