Robo Saa Hadi Matulo

Kutoka Kitale hadi Matulo ndege ndogo hutumia robo saa. Najua kwa sababu baba mdogo aliirudia hesabu hiyo wiki nzima ya matanga, mpaka nikaanza kulichukia neno robo.

Kaka yangu alifia Kitale, tulikokuwa tumepanga nyumba pamoja mtaa wa Tuwan. Mama alikuwa nyumbani Matulo, miguu imemkataa, na ombi lake lilikuwa moja tu: amshike mwanawe uso kabla hajafukiwa. Mhudumu wa mochari alituambia wazi kwamba dawa ya kuhifadhi mwili haikushika vizuri, tumfikishe asubuhi mapema. Jirani wetu wa zamani, mkulima wa mahindi wa Kachibora, alikuwa tayari na pikapu yake. Kwa barabara ni saa moja na kitu, hata ukisimama Kiminini kununua maji.

Lakini baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa ameahidiwa ndege na mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura. Ukoo wetu ulikuwa haujawahi kuletewa maiti kwa ndege. Akaagiza jeneza la kulingana na heshima hiyo: pana, refu, lenye vishikio vinavyong'aa pande zote.

Tulifika kiwanja cha ndege asubuhi, jeneza likiwa kwenye pikapu ya jirani. Ndege ilikuja jua likiwa utosini, mheshimiwa akiwa ndani. Muda wote huo jeneza lilikaa kwenye nyasi, na wanakamati walisimama kando yake wakila mahindi ya kuchoma, wakibishana kama rubani atapitia juu ya Webuye au atakata moja kwa moja. Nzi wakaja. Nilipunga leso juu ya kifuniko. Wakahamia kwenye mahindi, kisha wakarudi. Wanaume waliendelea kula.

Ndege ilipotua, rubani alilitazama jeneza, akautazama mlango wake.

"Mzee, hii haiingii."

Hakuna aliyekuwa amepima. Wakajaribu kuliingiza kwa ubavu. Wakaliinua upande mmoja, nikasikia kaka yangu akiteleza ndani. Nilitapika nyuma ya pikapu.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa akipangusa viatu vyake. Ati watu wanangoja ndege kule, si vizuri wangoje bure. Akapanda pamoja na mheshimiwa. Sisi tukampakia kaka kwenye pikapu.

Ya Matulo nilisimuliwa na shangazi. Mngurumo uliposikika, wanawake walikimbia wakilia, na mama akabebwa pamoja na kiti chake hadi ukingoni mwa kiwanja. Mlango ukafunguliwa. Akashuka baba mdogo, akawapungia mkono.

Pikapu ilipoingia uani, watu walikuwa wameziba pua kabla hatujazima injini. Wazee wakaamua kifuniko kisifunguliwe. Mama hakubishana nao. Alimgeukia baba mdogo tu.

"Ulisema robo saa. Mtoto wangu alikuwa wapi?"

"Shemeji, ndege haikuwa na shida," akajibu. "Ni mlango tu."

Bado alikuwa na punje ya hindi kwenye ndevu. Mpaka leo nikimkumbuka, naiona punje hiyo kwanza.

Mama alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mbao na kuanza kupapasa polepole, akimwita kwa sauti ya chini. Mkono wake ulikuwa upande wa miguu. Hakuna aliyemwambia. Nikanyanyua kiti chake pamoja na yule jirani, tukamsogeza hadi upande wa kichwa.