Friji Nyuma ya Mlango

Siku ile nilikuwa nimesuka vichwa vinne huko Pinetown, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilifika nyumbani alasiri, nikavua viatu, nikajitupa kitandani karibu na mama mkwe, ambaye miguu yake haimbebi tena. Tulikuwa tunaishi chumba cha uani, cha mabati matupu. Nyumba ya matofali iliyo mbele ni ya mama mwenye nyumba, Mzulu, mjane.

Mbingu ilikuwa na rangi mbaya, hilo niliona. Lakini mtu aliyechoka hana habari na mbingu.

Mara mlango ukapigwa ngumi. "Phumani! Phumani!"

Nalijua neno hilo. Ni "tokeni". Nilifundishwa na watu waliotutoa dukani kwetu miaka ya nyuma, wakifukuza wageni kwa fimbo, majirani wakitazama tu. Nyuma ya sauti ile nikasikia ngurumo, nikadhani ni umati. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikasukuma friji hadi mlangoni, nikakaa chini nikaiegemea.

"Iko batu ngapi?" mama mkwe akanong'ona.

"Wengi, mama."

"Nyamaza tu, binti. Batapita."

Hofu sikuwa nayo hata. Nilikuwa nimechoka kukimbia, basi. Nikasema moyoni, wakitaka waingie, mimi sinyanyuki.

Ndipo bati moja likang'oka juu yetu, misumari ikilia, nikaona matawi yakizunguka angani. Hapakuwa na umati wowote. Kioo cha dirisha kikavunjika, ukaingia mkono wa mama mwenye nyumba, unatoka damu. "Sisi, umoya! Wozani!" Dada, upepo, njooni.

Nikasukuma friji pembeni, tukambeba mama mkwe sisi wawili, tukajifungia katika bafu la mama mwenye nyumba lisilo na dirisha, godoro juu ya vichwa. Nilisikia chumba chetu kikiondoka.

Kulipotulia alijifunga taulo mkononi, akaniuliza kwa nini sikufungua. Nikamweleza kwa Kizulu changu kibovu. Akauliza "wozani" kwetu tunasemaje.

"Njooni," nikamwambia.

Sasa tunalala sebuleni kwake. Akirudi kutoka sokoni na mizigo hugonga mlango wake mwenyewe, anaita, "Njooni!" Na mimi, Mungu anisamehe, husikiliza kwanza kama yuko peke yake.